Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: mchezaji wa wavu aingizwe kwenye almanaki

Kwa Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Washauri wa Wanafunzi, wakuu wa ofisi za michezo vyuoni, na viongozi wa TUSA (chama cha michezo ya vyuo vikuu Tanzania) na BMT (Baraza la Michezo la Taifa).

YAH: TESTI, MAGOTI NA CHAKULA CHA WACHEZAJI WA MPIRA WA WAVU VYUONI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaowaandikia tumechezea timu za wavu za vyuo vikuu vya hapa nchini, tumemaliza masomo, na bado tunaushika mpira huu kama makocha, waamuzi na watu wa tiba. Hatuombi wachezaji wapewe alama za bure, wala hatuombi posho. Tunaomba mchezaji aandikwe kwenye karatasi za chuo: kwenye almanaki, kwenye kanuni za mitihani, kwenye daftari la zahanati na kwenye hesabu ya sahani za kafeteria. Kwa sasa chuo kinamtambua mara mbili tu, anapogongewa muhuri barua ya ruhusa na anapopigwa picha na kombe ofisini kwa Makamu Mkuu. Siku zote zilizobaki anajitegemea.

Tuanze na testi, kwa sababu huko ndiko wengi wanakokwama. Kwenye vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, alama 60. Chukueni kozi yenye testi mbili za alama 15 kila moja na kazi ya kikundi ya alama 10. Mchezaji akikosa testi moja kwa sababu ya mashindano, na isirudiwe, zimebaki alama 85 za kugombania. Kwa chuo ambacho A huanzia 70, sasa anatakiwa apate 70 kati ya 85, yaani zaidi ya asilimia 82 ya kila kilichobaki. Mwenzake aliyebaki hosteli anahitaji asilimia 70. Kikundi nacho kimeshawasilisha kazi bila jina lake, maana siku ya kugawana maswali hakuwepo. Hapo hatujagusa uwezo wake darasani hata kidogo. Akiteleza kwenye UE anakula sapu (mtihani wa marudio), sapu zikirundikana anadisko (anaachishwa masomo), na timu inaanza kutafuta seta mwingine, yule anayewapangia washambuliaji mipira.

Kinachokwamisha si roho mbaya ya wahadhiri. Ni njia inayopitiwa na barua. Mwaliko wa mashindano unafika kwa Mshauri wa Wanafunzi, unapanda kwa mkuu wa kitivo au ndaki, unashuka kwa mkuu wa idara, na mhadhiri mwenye testi Alhamisi anauona Jumatatu ya wiki inayofuata, wakati mchezaji amesimama mlangoni kwake na begi mgongoni. Mhadhiri anauliza kwa nini hakuambiwa mapema, na ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba orodha ya wachezaji ilikamilika usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa fedha za safari nazo zilitoka siku hiyohiyo.

Dawa yake haina gharama. Orodha ya awali ya wachezaji 18 ifungwe siku 21 kabla ya safari, hata kama watakaopanda basi ni 14. Kila mmoja ajaze fomu ya ukurasa mmoja: namba ya usajili, kozi anazosoma, vipindi na testi zinazoangukia ndani ya tarehe za mashindano, tarehe mbadala, na sahihi ya mhadhiri. Nakala moja ibaki idarani, moja ofisi ya michezo, moja kwa mchezaji mwenyewe, na hii ya tatu ndiyo itakayomwokoa siku ambayo nakala nyingine mbili zitapotea. Testi mbadala ipangwe kati ya siku ya 4 na ya 10 baada ya kurudi. Siku tatu za kwanza mtu bado ana usingizi wa basi, na baada ya siku kumi darasa limeshahamia mada nyingine. Maswali lazima yatungwe upya, kwani yale ya kwanza yameshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ndiyo maana mhadhiri anahitaji kujua wiki tatu kabla.

Maabara na rotesheni za wodini (zamu za kujifunza hospitalini) ni habari nyingine. Huko hakuna karatasi ya kurudia: kemikali zimeshatumika, mgonjwa ameshakwenda nyumbani. Mchezaji wa uhandisi, sayansi au udaktari ahamishiwe kundi la wiki nyingine kabla hajaondoka. CR (kiongozi wa darasa) na fundi wa maabara wanaweza kulimaliza jambo hilo kwa simu moja, ilimradi kanuni inawaruhusu. Leo hakuna anayethubutu, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa.

Na pale mnapodai mahudhurio ya asilimia 75, semeni waziwazi kama siku za kuwakilisha chuo ni kuhudhuria au ni kukosa. Kozi ya vipindi 45 inamruhusu mwanafunzi kukosa 11. Kambi na mashindano ya wiki mbili yakimla vipindi 8, amebakiwa na 3 kwa ajili ya malaria na misiba ya muhula mzima.

Suala la saa za mazoezi nalo halina kanuni. Huko Marekani, ambako wavu wa wanawake vyuoni uliingiza watu 92,003 kwenye uwanja mmoja wa Nebraska tarehe 30 Agosti 2023, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kina kikomo tangu 1991: saa 20 kwa wiki msimu ukiendelea, saa 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Kikisomwa juujuu kinavutia, ila msikinakili kama kilivyo. Saa za safari hazihesabiwi. Matibabu hayahesabiwi. Siku ya mechi huandikwa saa 3 hata kama timu imeshinda ukumbini tangu asubuhi. Halafu kuna mazoezi yanayoitwa ya hiari, ambayo kila mchezaji anajua kuwa asiyefika hapangwi. Wachezaji wa kule wamelalamikia mianya hiyo kwa miaka mingi, na sisi tunaoanza upya hatuna sababu ya kuirithi.

Tunapendekeza saa 12 kwa wiki muhula ukiendelea, ndani yake mkihesabu uwanjani, mazoezi ya nguvu, vikao na mechi za kirafiki. Saa 16 katika wiki tatu za mwisho kabla ya mashindano. Na hakuna mazoezi ya timu kuanzia wiki moja kabla ya UE hadi karatasi ya mwisho. Kocha aandike saa hizo kwenye daftari na nahodha aweke sahihi. Bila daftari, kikomo ni porojo.

Kuna kikwazo kidogo ambacho mtu asiyecheza hakioni. Mihadhara yenu inaanza saa 1 asubuhi na mingine inakwenda hadi saa 2 usiku. Seta anasoma uhasibu, washambuliaji wako ualimu, libero (mlinzi wa nyuma) yuko kilimo. Timu nzima hukutana Jumamosi tu. Siku za katikati ya wiki anakuja nusu, tena nusu tofauti kila siku, na seta hawezi kuzoeana na mshambuliaji asiyemwona. Uwanja wa nje usio na taa unafungwa na giza kabla ya saa 1 usiku. Mkiacha wazi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12, kwa timu zote za chuo na si wavu peke yake, mtakuwa mmetoa kitu kikubwa kuliko jezi mpya.

Sasa magoti. Timu inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki muhula mzima huingizwa kambini siku kumi kabla ya mashindano na kufanyishwa mazoezi asubuhi na jioni. Misuli inaweza kumudu mshtuko huo kwa siku chache, kano haziwezi. Kano inayounganisha kifuniko cha goti na mfupa wa muundi huimarika polepole sana kuliko misuli, na ikiongezewa miruko ghafla huanza kuuma chini kidogo ya kifuniko: kwanza baada ya mazoezi, kisha mwanzoni mwa mazoezi, mwishowe hata kwenye ngazi za hosteli. Wanaoumia zaidi ni wazuiaji wa kati, kwa kuwa wao huruka karibu kila mpira, hata ule ambao hawatapewa. Uwanja wa zege au lami unazidisha.

Kinga yake ni kuhesabu. Mchezaji aliye benchi ashike kalamu na kuhesabu miruko ya nguvu zote ya kila mshambuliaji. Anzeni na 60 kwa kipindi kimoja, ongezeni sehemu ya kumi kila wiki, na kambi iwe kilele cha wiki sita za maandalizi. Goti likishaanza kuuma, kupumzika kabisa kwa mwezi halafu kurudi kwa kishindo ni kosa linalorudiwa kila mwaka: maumivu yanatulia, kano inazidi kulegea. Kinachosaidia ni kuibebesha mzigo bila kuruka. Egemea ukuta kama aliyekaa kwenye kiti, shikilia sekunde 45, rudia mara tano, siku nyingi za wiki. Baadaye kuchuchumaa polepole na uzito mabegani. Maumivu ya 3 kwa 10 yanavumilika. Yakifika 5, au yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, punguza.

Jeraha la kawaida kuliko yote ni kuteguka kifundo cha mguu, na hutokea karibu mahali pamoja: chini ya wavu. Mshambuliaji anaruka kwenda mbele, anatua mguu wake ukiwa juu ya mguu wa mzuiaji aliyetangulia kutua, nyayo inapindukia ndani. Sheria inaruhusu mguu kuvuka mstari wa kati alimradi sehemu yake bado inaugusa mstari au iko juu yake, kwa hiyo mwamuzi peke yake hawezi kulizuia. Kocha afundishe hatua ya mwisho ndefu na mruko wa kwenda juu, na mpira wa seta usibanwe sana wavuni. Seta anayebana mipira anajaza zahanati.

Inavyotibiwa vyuoni ndiko kwenye aibu. Mtu anamwagiwa maji, anakandwa kwa nguvu na dawa ya kuchua, anafungwa kitambaa, anarudishwa uwanjani seti ya tatu. Tafadhali bandikeni ukutani kwenye kila zahanati na kila begi la timu maelekezo haya. Asikandwe, asichuliwe, asipashwe moto kwa siku mbili tatu za kwanza. Bandeji ya kunyumbulika ianzie vidoleni kupanda juu, mguu uinuliwe kupita usawa wa kiuno, barafu ndani ya kitambaa dakika 15 kwa ajili ya maumivu. Kisha bonyeza mfupa wa kifundo, nje na ndani, ukingo wa nyuma, sentimita 6 za chini. Ukiuma pale mfupa wenyewe, au mgonjwa hawezi kwenda hatua nne, apelekwe eksirei siku hiyohiyo. Pima pia mfupa uliochomoza ubavuni mwa unyayo, katikati ya kisigino na kidole kidogo, na ule wa upande wa ndani mbele ya kifundo. Kama hakuna dalili hizo, aanze kukanyaga mapema kadiri anavyoweza, na baada ya siku chache aanze kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi, kisha macho yakiwa yamefungwa. Arudi mchezoni atakapoweza kurukaruka kwa mguu ulioumia kama anavyoweza kwa ule mzima. Kwa miezi inayofuata avae kifaa cha kushikilia kifundo, kile cha kufunga kwa kamba, kwa kuwa kifundo kilichoteguka mara moja huteguka tena kirahisi. Vifaa sita vya saizi tofauti vinatosha timu mbili.

Goti lililolia ghafla na kuvimba ndani ya saa chache baada ya kutua si la zahanati, ni la daktari wa mifupa. Ligamenti ya mbele ikikatika na kufanyiwa upasuaji, kurudi uwanjani ni miezi 9 au zaidi. Mwanafunzi huyo anahitaji kuruhusiwa kuahirisha muhula bila kupoteza mkopo wala chumba. Kadi za bima ya afya za mwaka wa kwanza mara nyingi huchelewa, na mwaka wa kwanza ndiye anayejituma kupita kiasi ili apate namba. Asiye na kadi asisafiri kabla chuo hakijaandika nani atalipa akiumia.

Kuhusu viwanja tutakuwa wafupi. Uwanja ni mita 18 kwa 9, na pembeni pande zote angalau mita 3 zisizo na kitu. Kwenye viwanja vyetu vingi ndani ya mita hizo utakuta mtaro, jiwe au nguzo ya taa isiyo na taa. Wavu ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, hupimwa katikati, na juu ya mistari ya pembeni usizidi hapo kwa zaidi ya sentimita 2. Wavu unaoning'inia katikati kama kamba ya kuanikia nguo umefungwa kwa kamba ya katani badala ya waya, au nguzo zake zimesimikwa kwenye matairi yenye zege yanayoinama ukivuta. Chimbieni nguzo, mita moja nje ya mstari, na mzivishe sponji. Mipira: gramu 260 hadi 280, mzingo sentimita 65 hadi 67, upepo wa kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba. Nunueni kipimo cha upepo, kwani mpira uliojazwa kwa kubonyeza na kidole gumba huwa jiwe na kuumiza vidole na bega. Na mipira iwe 12. Timu yenye mipira mitatu inafanya mazoezi ya kuokota mipira.

Chakula ni hesabu, na hesabu hiyo mnaweza kuifanya ofisini. Mchezaji wa kilo 70 anahitaji protini kama gramu 100 hadi 125 kwa siku. Sahani mbili kubwa za maharage zitampa 40, mayai mawili 12, dagaa wakavu gramu 50 watampa kama 30, nusu lita ya maziwa 16, na unga wa ugali wa siku nzima kama 20. Jumla 118, bila nyama. Si anasa. Tatizo ni saa: mazoezi yanaisha jioni, anaoga, anafika kafeteria anakuta sufuria zinaoshwa, anaishia kwenye chipsi za nje ya geti. Bumu (fedha ya kujikimu) la HESLB, Bodi ya Mikopo, la shilingi 10,000 kwa siku ni la chakula na malazi kwa pamoja, kwa hiyo kila sahani anayoinunua nje inakula kodi. Ofisi ya michezo ipeleke kafeteria orodha ya siku za mazoezi na idadi ya sahani za kuhifadhiwa. Wachezaji walipe wenyewe kama kawaida, ila wakute chakula.

Safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Mtu wa mita 1.90 aliyekaa kwenye kiti cha basi umbali huo hatakiwi kucheza jioni ya kufika. TUSA, wekeni kwenye kanuni za mashindano usiku mmoja kamili wa kulala kabla ya mechi ya kwanza, na mechi isizidi moja kwa siku kwa timu. Mechi ya seti tano huvuka muda wa saa 2 kirahisi. Kuirudia jioni hiyohiyo ndiko kunakoleta vile vifundo tulivyovieleza. Timu zinazokwenda Dodoma kutoka Dar sasa zina SGR, na ofisi za manunuzi zijifunze kukata tiketi za treni.

Kwa upande wa wasichana, yapo mambo matatu ambayo hayasemwi vikaoni kwa kuwa vikao vimejaa wanaume. La kwanza ni mavazi. Hijabu na mikono mirefu si kizuizi. Misri ilicheza wavu wa ufukweni hivyo kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Chuo kiagize jezi za aina zote mbili tangu mwanzo, ili binti asijikute akiomba ruhusa ya kujisitiri. La pili ni damu. Mchezaji anayechoka haraka isivyo kawaida apimwe wingi wa damu, na aliyekosa siku zake kwa miezi mitatu aende kwa daktari, maana mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyotumia na mifupa yake italipia. La tatu ni kocha. Mtu mmoja anayepanga nani asafiri, nani alale chumba gani na nani apewe nauli ana mamlaka makubwa mno juu ya binti wa miaka 19. Kila safari ya timu ya wanawake iwe na mwalimu wa kike mwenye namba ya simu ya Mshauri wa Wanafunzi; kocha asiwe na mchezaji mmoja peke yake chumbani wala garini; na malalamiko yapokelewe na mtu asiyehusika na kupanga timu. Kama malalamiko yanapitia kwa kocha, hayatafika, na ninyi mtaendelea kuripoti kwamba hakuna malalamiko.

Anapohitimu, mpeni karatasi: miaka aliyocheza, nafasi yake, mashindano aliyoshiriki, na cheti cha uamuzi au ukocha wa awali kama alisomea. Kozi hizo ziwekwe likizo, zisigongane na fildi (mafunzo kwa vitendo). Mpimeni pia magoti na bega kabla hajarudisha kitambulisho, na aruhusiwe kuendelea na fiziotherapia ya jeraha alilolipata akiwa na jezi yenu kwa miezi sita zaidi.

Hatutegemei yote yafanyike mwaka huu. Fomu ya testi na jioni mbili za wazi hazihitaji bajeti, zinahitaji kikao kimoja cha Seneti kabla almanaki ya mwaka ujao haijachapwa. Tunaomba ajenda hiyo iingizwe, na tuko tayari kuleta rasimu ya fomu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wachezaji wa zamani wa timu za mpira wa wavu za vyuo vikuu